Bunge likikataa bajeti, mshahara na ankara ya mzabuni visiguswe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ambayo imesemwa sana tangu Serikali ya Marekani ilipofunga ofisi zake mwaka 2025 kwa kukosa bajeti, na ambayo msomaji wenu mmoja aliiandika kwa ufasaha katika gazeti hili. Hoja yenyewe ni kwamba sisi tunaotaka Bunge lenye nguvu ya kuikatalia Serikali bajeti tutazame yaliyowapata Wamarekani, kisha tushukuru kuwa Bunge letu linapitisha bajeti kila Juni bila kuchelewa. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Tabora, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mzabuni wa chakula kwa shule za bweni na taasisi nyingine za umma. Kuchelewa kwa fedha ya Serikali nakujua vizuri kuliko ninavyopenda, kwa hiyo sina sababu ya kubeza hasara ya mkwamo wa Bunge. Hata hivyo naamini msomaji yule amekosea chanzo cha hasara hiyo, na kosa hilo likiachwa litatupotosha siku tutakaporudi kwenye mjadala wa Katiba mpya.

Nianze na yaliyotokea. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, na kabla ya siku hiyo Bunge lao lenye mabaraza mawili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, linatakiwa liwe limepitisha sheria 12 za matumizi ya Serikali. Tangu walipoweka utaratibu wa sasa wa bajeti mwaka 1974 wamefanikiwa kuzipitisha zote kwa wakati mara nne tu, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1996. Miaka mingine yote wameishi kwa sheria za muda mfupi, za wiki kadhaa au miezi kadhaa, na kila sheria ya namna hiyo inapokaribia kuisha nchi nzima hukaa roho juu. Mwaka 2025 chama cha Republican kilikuwa na viti 53 kati ya 100 vya Seneti, lakini kanuni za Seneti zinataka kura 60 ili mjadala ufungwe na muswada upigiwe kura. Wenzao wa Democratic walikataa kutoa kura hizo hadi ruzuku za bima ya afya, zilizokuwa zinaisha mwishoni mwa mwaka, ziongezewe muda. Hakuna upande uliokubali kulegea, na kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, siku 43, Serikali ilifungwa. Hadi wakati huo hakukuwahi kuwa na mkwamo mrefu kama huo katika historia yao. Uliovunjiwa rekodi ni ule wa siku 35 wa Desemba 2018 hadi Januari 2019.

Sasa msomaji yule anasema: hayo ndiyo matunda ya Bunge lenye nguvu. Mimi nasema tutazame kwa makini zaidi, kwa sababu hata Marekani yenyewe haikuwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi kabla ya 1980 ilitokea mara kadhaa kwamba mwaka wa fedha ulianza bila sheria ya matumizi, wabunge wakaendelea kubishana, na ofisi za Serikali zikaendelea kufanya kazi huku zikibana matumizi na kusubiri. Kilichobadilisha mambo ni maoni ya kisheria ya Mwanasheria Mkuu wao, Benjamin Civiletti, aliyoyatoa mwaka 1980 na kuyafafanua mwaka 1981. Alisema kwamba sheria ya tangu karne ya 19 inayokataza maofisa kuingia matumizi yasiyoidhinishwa inamaanisha ofisi lazima zifungwe, isipokuwa pale penye ulinzi wa maisha ya watu na mali. Yaani kufungwa kwa Serikali, ambako leo tunakuchukulia kama sehemu ya maumbile ya demokrasia ya Marekani, kumetokana na tafsiri ya sheria iliyotolewa watu wengi wa rika langu tukiwa tumeshazaliwa. Wabunge walikuwa na nguvu ya kukataa kabla ya 1980 na wanayo hadi leo. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani anaumia wakati wanaendelea kukataa.

Na walioumia ni wengi. Katika mkwamo wa 2018 na 2019 watumishi wapatao 800,000 hawakupata mishahara kwa wakati, baadhi wakiwa wamerudishwa nyumbani na wengine wakiendelea kufanya kazi bila malipo. Ofisi ya Bajeti ya Bunge lao ilikadiria kwamba uchumi ulipoteza dola bilioni 11, na kwamba dola bilioni 3 kati ya hizo hazingerudi kamwe, hata baada ya ofisi kufunguliwa na mishahara kulipwa. Mwaka 2025 ofisi hiyohiyo ilikadiria kwamba mkwamo wa wiki sita ungepoteza takriban dola bilioni 11 ambazo hazingerudi kamwe. Waongoza ndege waliokuwa wakifanya kazi bila mshahara walianza kukosekana kazini, na Novemba mamlaka ya anga ikaagiza safari zipunguzwe katika viwanja 40 vikubwa. Msaada wa chakula unaotegemewa na watu wapatao milioni 42 ulikwama mwezi huohuo. Hata takwimu zilikatika: kiwango cha ukosefu wa ajira cha Oktoba 2025 hakikutolewa kabisa kwa sababu wakusanyaji wa takwimu walikuwa nyumbani, na ni mara ya kwanza kwa mwezi kukosekana tangu hesabu hiyo ianze kuwekwa mwaka 1948. Mtu anayepanga riba au anayenunua mazao kwa kutazama takwimu za nchi kubwa kuliko zote kiuchumi alilazimika kukisia.

Lakini kundi ambalo halitajwi sana, na ambalo mimi kama mzabuni siwezi kulipita kimya, ni la wakandarasi na watoa huduma. Januari 2019, mkwamo ule ukiwa bado unaendelea, Marekani ilipata sheria inayosema watumishi wa Serikali watalipwa mishahara yao yote ya nyuma kila mkwamo unapokwisha. Sheria hiyo haimgusi mfanya usafi aliyeajiriwa na kampuni yenye mkataba na wizara, wala mlinzi wa getini, wala mpishi wa kantini ya ofisi iliyofungwa. Kwao siku ya mkwamo ni siku iliyopotea, wala haina kurudishwa. Wabunge wenyewe, kwa upande wao, wanaendelea kupokea mishahara yao kama kawaida, maana Katiba yao inailinda.

Niruhusu nieleze jambo hili kwa mfano wa karibu, kwa sababu ndipo uchumi unapoonekana kwa macho. Mwaka mmoja nilipeleka mahindi na maharage katika shule moja ya bweni ya mkoa huu. Kamati ya mapokezi ilipima magunia mbele yangu moja baada ya jingine, mtunza stoo akasaini, nikabaki na nakala yangu, na wanafunzi wakala. Ankara ilifika ofisini ikiwa imekamilika, lakini fedha za kifungu kile zilikuwa hazijashuka kutoka Hazina, na tarehe 30 Juni mfumo wa malipo ulipofungwa ankara yangu ikahamia mwaka mpya kama deni. Kila mzabuni anajua maana yake: deni husubiri uhakiki, na uhakiki husubiri wahakiki. Maharage yale nilikuwa nimeyachukua kwa mali kauli kutoka kwa mama mmoja wa Kasulu ambaye naye alikuwa ameyakusanya kwa wakulima wadogo, mmoja gunia, mwingine debe. Benki haikungoja uhakiki kuanza kuhesabu riba. Makuli wa Cheyo waliopakua mzigo nililazimika kuwalipa siku ileile, kama inavyostahili, na mwenye lori vilevile. Kwa hiyo pengo la malipo lililoanzia katika ofisi yenye kiyoyozi liliteremka mpaka shambani kwa mkulima wa Kasulu ambaye hakuwahi kusikia jina la kifungu kile cha bajeti, na msimu uliofuata mama yule alininyima mzigo hadi nilipe kwanza taslimu. Nilimwelewa. Hayo yalitokea Bunge likiwa limepitisha kila kitu kwa wakati, kwa kura nyingi na makofi.

Naomba msomaji yule alifikirie hilo la mwisho. Kuwa na Bunge lisilokwama hakujanihakikishia malipo yangu, na mkulima wa Kasulu hajanufaika kwa wabunge kukubaliana. Bajeti inapitishwa Juni, halafu fedha zinashuka kwa kadiri zinavyokusanywa, na anayesubiri nyuma ya foleni ni yuleyule wa Marekani: aliyetoa huduma kwa mkataba. Kama tunajali athari za uchumi, basi tuzijali popote zinapotokea.

Kuhusu ukomo wa deni nitasema kwa kifupi, ingawa ndio mkwamo unaotufikia sisi kwa haraka zaidi. Sheria ya Marekani inaweka kiwango cha juu cha deni la Serikali, na kila kiwango hicho kinapofikiwa ni lazima Bunge likipandishe au likisimamishe ili Serikali iweze kulipa madeni ambayo tayari imeshayaingia. Mwaka 2011 wabunge walivutana hadi siku za mwisho. Tarehe 5 Agosti mwaka huo kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la ukopaji, na ofisi ya ukaguzi ya Serikali yao baadaye ilikadiria kwamba ucheleweshaji ule uliongeza gharama za kukopa kwa takriban dola bilioni 1.3 katika mwaka huo mmoja wa fedha. Kampuni nyingine ya kupanga madaraja hayo, Fitch, ikaishusha Agosti 2023 ikitaja mivutano hiyohiyo ya kila mara, na Moody's ikafuata Mei 2025. Sehemu kubwa ya deni letu la nje, zaidi ya nusu, iko katika dola, na tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge imekuwa ikipangiwa bei kwa dola kwa miaka mingi. Mkulima aliyekaa kwenye banda lake akipanga majani kwa madaraja ana uhusiano na Seneti ya Marekani, apende asipende.

Uhusiano mwingine ni wa sheria zinazokufa bila kuuawa na mtu. Mpango wa AGOA, unaoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika zilizokidhi masharti kuingia Marekani bila ushuru, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2000 na kuongezwa miaka 10 mwaka 2015. Ukomo wake ulikuwa tarehe 30 Septemba 2025. Ulikuwa na wafuasi katika vyama vyote viwili, lakini tarehe hiyo ilipofika, usiku uleule ambao fedha za Serikali yao zilikata, hakukuwa na sheria mpya. Mwenye kiwanda cha nguo hasaini oda ya leo kwa leo. Anasaini miezi kabla, na bei anayomtajia mnunuzi inategemea ushuru utakaokuwepo siku meli itakapotia nanga. Asipoujua ushuru huo, mnunuzi huenda kwingine, na aliyepoteza kibarua chake cha kushona hawezi kulipwa mishahara ya nyuma hata sheria ikirudi baadaye. Mpango wa PEPFAR wa kupambana na Ukimwi, ulioanza mwaka 2003 na kuongezwa kila miaka mitano kwa maelewano ya pande zote, nao uliachwa ukapita ukomo wake Septemba 2023 kwa sababu ya mabishano yao ya ndani kuhusu utoaji mimba, na Machi 2024 ukaongezewa mwaka mmoja tu. Fedha ziliendelea kutoka kupitia bajeti za kila mwaka, lakini hakuna hospitali inayoweza kupanga ajira za wauguzi na ununuzi wa dawa za miaka mitano kwa ahadi ya mwaka mmoja.

Tusiishie Marekani, kwa sababu mfano wa Kenya uko karibu nasi na unafundisha zaidi. Mwaka 2020 Seneti ya Kenya ilishindwa mara kadhaa kukubaliana kuhusu kanuni ya kugawa mapato kati ya kaunti 47. Kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu iwe na uzito mkubwa, na zile za maeneo makavu na mapana zikahofia kupunguziwa fedha walizokuwa wakipata. Mwaka wa fedha ulikwisha kuanza, fedha hazikuweza kwenda kwenye kaunti bila sheria, mishahara ikachelewa, na kwa kuwa huduma za afya ziko chini ya kaunti, mkwamo uliingia wodini katikati ya janga la korona. Magavana walitangaza kwamba wangelazimika kusimamisha shughuli. Suluhu ilipatikana Septemba, pale Serikali Kuu ilipokubali kwamba fedha za kaunti zingeongezwa kuanzia mwaka uliofuata ili asipunguziwe yeyote. Ningependa msomaji yule aone kwamba maseneta wale hawakuwa wakigombea vyeo vyao. Walikuwa wakitetea visima na zahanati za watu waliowachagua, na waliotoka maeneo makavu wasingeweza kukubali kanuni ya kwanza bila kuwasaliti. Kubishana kwao kulikuwa kazi halali. Kosa lilikuwa kwamba sheria haikuwa na njia ya kuwapelekea wauguzi mishahara yao wakati kazi hiyo halali inaendelea.

Jambo hilohilo likarudi mwaka 2024. Baada ya vijana kuuawa katika maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, Rais William Ruto aliuacha muswada huo mwezi Juni, na mapato yaliyokuwa yakitarajiwa yakapungua. Bunge la Kitaifa likataka kaunti zipewe shilingi za Kenya bilioni 380, Seneti ikang'ang'ania bilioni 400, na hawakuelewana hadi Desemba, walipofikia takriban bilioni 387.4. Nusu ya mwaka wa fedha ilikuwa imekwisha. Tofauti yao ilikuwa bilioni 20. Bilioni 380 hazikuwa na ubishi kwa mtu yeyote. Kwa nini fungu lisilo na ubishi lisitoke kila mwezi, na ubishi ukabaki kwenye lile linalobishaniwa? Swali hilo ndilo lingemsaidia mfanyabiashara wa Busia au Kisii anayeiuzia hospitali ya kaunti mchele.

Ubelgiji wana jibu la namna yao. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010 vyama vyao vilishindwa kuunda Serikali kwa siku 541, muda unaokaribia mwaka mmoja na nusu, lakini mishahara ililipwa, treni zilikwenda na uchumi haukuanguka. Sheria zao ziliruhusu matumizi ya kila mwezi kwa kiwango cha sehemu moja ya 12 ya bajeti ya mwaka uliotangulia. Sisemi kwamba kukaa bila Serikali kamili kwa muda huo ni jambo jema. Nasema tu kwamba mkwamo wa siku 541 uliumiza wananchi kidogo kuliko mkwamo wa siku 43 kwingine, na tofauti haikuwa tabia ya wanasiasa.

Nije nyumbani, ambako watu wengi hawajui kwamba jambo hili limeshafikiriwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 139, inasema kwamba mwaka wa fedha ukianza kabla Sheria ya Matumizi haijaanza kutumika, Rais anaweza kuidhinisha fedha zitoke Mfuko Mkuu wa Hazina kwa ajili ya shughuli za lazima za Serikali kwa muda wa miezi minne. Ibara hiyo tumeitumia. Kabla ya utaratibu kubadilishwa mwaka 2013, Bunge letu lilikuwa likijadili bajeti hadi Agosti wakati mwaka wa fedha ulianza Julai, na hakuna mwalimu wa Nzega wala nesi wa Kitete aliyeambiwa abaki nyumbani kwa sababu hiyo. Wenye kumbukumbu hawajasahau Julai 2011, nchi ikiwa kwenye mgawo mkali wa umeme, wabunge wa CCM na wa upinzani walipoikataa bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliyowasilishwa na Waziri William Ngeleja. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimama akaomba wiki tatu, Serikali ikaenda kujipanga, na Agosti bajeti ikarudi ikiwa na mpango wa dharura wa umeme, ikapita. Hapakuwa na ofisi iliyofungwa. Kwa sisi tuliokuwa tukisaga na kukoboa kwa jenereta, wiki zile tatu zilikuwa na faida kuliko makofi ya miaka mingi.

Nakumbusha pia, kwa heshima ya mkoa wetu, kwamba Spika Samuel Sitta, Mbunge wa Urambo Mashariki, aliongoza kati ya 2005 na 2010 Bunge aliloliita la viwango na kasi. Chini yake ripoti ya Kamati Teule kuhusu zabuni ya umeme wa dharura ya kampuni ya Richmond ilisomwa hadharani Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na katika siku chache nchi ikawa na Waziri Mkuu mwingine. Hakuna aliyesema uchumi umekufa kwa sababu Bunge limeuliza maswali. Ni kweli kwamba mwaka 2014, katika Bunge Maalum la Katiba ambalo aliliongoza pia, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka nje na hawakurudi, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika hadi leo. Mkwamo ule haukufunga ofisi wala kuchelewesha mishahara, lakini ulituacha na Katiba ileile ya 1977, yenye ibara nyingine ambayo sasa nailalamikia.

Nazungumzia ibara ya 90, inayompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge iwapo litakataa kupitisha bajeti ya Serikali. Tufikirie mbunge anayeitwa jina lake siku ya kura ya bajeti, maana kura ile hupigwa kwa kuitwa majina, mmoja baada ya mwingine. Anajua kwamba wenye kusema hapana wakiwa wengi, Bunge linaweza kuvunjwa, naye anarudi jimboni kutafuta kura na fedha za kampeni miaka miwili au mitatu kabla ya wakati. Nani atasema hapana? Hata kabla ya kuhesabu kwamba karibu wabunge wote wa sasa wanatoka chama kimoja, Katiba yenyewe imeshaifanya kura ya bajeti kuwa kura ya kujifukuza kazi. Ndiyo maana naona msomaji yule anasifia kitu ambacho hakistahili sifa. Bajeti zetu zinapita kwa wakati kwa sababu kuzikataa kunamgharimu mbunge kila kitu, na matokeo yake ni kwamba madeni ya wazabuni, ambayo yangeweza kuwa sababu nzuri ya kuirudisha bajeti mezani, yanatajwa katika michango ya dakika chache halafu yanahamia mwaka mwingine.

Ninachopendekeza hakihitaji Bunge la kukwamisha mambo. Mjadala wa Katiba utakapofunguliwa tena, kifungu kinachoruhusu Bunge kuvunjwa kwa sababu ya bajeti kiondolewe, na ibara ya 139 ibaki na miezi yake minne. Wakati tunasubiri Katiba, Sheria ya Bajeti inaweza kurekebishwa ili itaje waziwazi shughuli za lazima ni zipi: mishahara, dawa, chakula cha wanafunzi wa bweni na wafungwa, na ankara za bidhaa ambazo tayari zimepimwa, zimesainiwa na zimetumika. Hilo la ankara nalisisitiza, kwa sababu mzigo ulioliwa hauna sababu ya kusubiri maafikiano ya mtu yeyote, liwe Bunge limekwama au halijakwama.

Na mzigo wa mkwamo, ukitokea, uanzie kwa wanaokwamisha. Jimbo la California lilikuwa maarufu kwa kuchelewesha bajeti, kwa sababu ilihitajika theluthi mbili ya kura kuipitisha. Julai 2009 lilifikia hatua ya kuwapa watu wanaolidai, wakandarasi wakiwemo, hati za ahadi ya malipo badala ya fedha, na mwaka 2010 bajeti ilisainiwa Oktoba wakati mwaka wa fedha ulianza Julai. Novemba mwaka huo wananchi walipiga kura wakaamua mambo mawili kwa pamoja: bajeti ipite kwa wingi wa kawaida wa kura, na wabunge wasiopitisha bajeti ifikapo 15 Juni wakose mishahara na posho za siku zote za kuchelewa. Tangu hapo kuchelewa kwa miezi kumekwisha. Sioni kwa nini posho za vikao vya Dodoma zisisimame vivyo hivyo pale miezi minne ya ibara ya 139 inapotumika, huku mshahara wa mhudumu wa zahanati ya Sikonge ukiendelea kutoka.

Naomba gazeti lako, Mhariri, liwaulize wabunge wa Mkoa wa Tabora swali moja na kuchapisha majibu yao kwa majina: je, wako tayari kupeleka hoja binafsi ya kurekebisha Sheria ya Bajeti ili ankara za chakula kilichokwisha kupokelewa shuleni na hospitalini zilipwe ndani ya muda maalumu, kabla ya posho za vikao? Sisi wazabuni tuko tayari kufika mbele ya Kamati ya Bunge ya Bajeti na nakala zetu zenye saini za mapokezi, tukiitwa.

Mfanyabiashara wa nafaka na mzabuni,
Tabora Mjini.